Shavu la Kushoto la Mzee Gaspari

Ilikuwa ule mwaka tuliokula ndizi mpaka mikono ikawa myeusi kwa utomvu. Viazi vilikuwa vimeozea shambani kwa mvua, na hapa Kigali vikawa vitu vya kutazama tu. Ukikaa kula brosheti Nyamirambo, nyama ya mbuzi inakuja na pembeni yake ndizi ya kuchoma. Ukiuliza kiazi, mhudumu anageuza uso kama umemkumbusha msiba. Ndizi asubuhi, ndizi na maharagwe mchana, na Idi ilipofika tulitia ndizi kwenye pilau mahali pa viazi, tukala kimya. Mkitaka tarehe kawaulizeni waliosoma. Mimi shule niliiacha mapema, nakumbuka ndizi. Na nakumbuka kwamba kwenye ikiriyo ya Veronika, zile siku ambazo watu wanashinda kwa wafiwa, nilipewa sahani ya ndizi, na mume wake, Mzee Gaspari, alikuwa amekaa kwenye kona, sahani yake imepoa magotini, na mashavu yake yameanza kuota ndevu.

Wengine mlikaa pale mkaona mzee mwenye huzuni. Mimi niliona ndevu, nikaogopa.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaokuja dukani siku hizi na brashi zenu mpya, mnataka niwafundishe kunyoa kwa povu na wembe kama wazee. Mnalipiga povu picha kabla ya kulipaka. Siwacheki. Nilidhani kazi hii itazikwa pamoja na mimi, kumbe nyinyi mnaipenda hata bila kulazimishwa. Lakini mnaniuliza juu ya wembe tu. Wembe gani, jiwe gani, sabuni gani. Hamjaniuliza juu ya uso.

Mimi ni kinyozi, binti wa kinyozi. Baba alikuwa na kiti kimoja na kioo kimoja hapa hapa Nyamirambo. Kaka zangu walikimbilia gereji, wakanusa petroli wakaipenda, nikabaki mimi. Baba akaenda machinjioni, akarudi na ngozi ya mbuzi yenye manyoya yake, akaiwamba kwenye ubao, akaipaka povu, akanipa wembe wa kukunja. Akasema, nyoa, na usikilize. Wembe mzuri kwenye uso uliolowana vizuri una sauti ndogo, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye karatasi. Ukisikia unakwaruza, simama. Ama maji hayakutosha, ama umeulaza vibaya, ama una haraka. Ngozi ya kwanza niliichana kama shuka kuukuu. Tukaipika supu, tukaila, na maisha yakaendelea.

Wanaume mwanzoni walikataa. Mmoja alimwambia Baba mbele yangu, "Mwanamke anishikie wembe kooni? Mimi nina watoto." Baba akamjibu bila kuinua macho, "Anayekupikia ana kisu kila siku. Mbona hujafa?" Yule mtu akakaa. Akawa mteja wangu mpaka alipohamia kwa Mungu.

Baba alikuwa mkali kwa brashi kuliko kwa wembe. Alikuwa Mwislamu wa kweli, na alisikia kwamba brashi nyingine zinatengenezwa kwa nywele za nguruwe. Basi kila mchuuzi akija na brashi, Baba anauliza, "Huyu ni mnyama gani?" Mchuuzi mmoja, mjanja wa mjini, akamwambia, "Mzee, huyu ni mnyama wa Ulaya." Baba akamrudishia brashi kwa ncha za vidole. "Basi akanyoe watu wa Ulaya." Tukakaa muda mrefu tukitumia vitambaa mpaka alipopata brashi ya nywele za farasi. Ninayo mpaka leo. Hiyo hamtaishika, msiombe.

Sasa sikilizeni yale mnayoyataka, halafu tuendelee. Maji yawe moto kama chai ambayo unaweza kuinywa mara moja, sio ile ya kupuliza. Osha uso kwanza kwa sabuni ya kawaida, ndevu zina mafuta. Brashi iloweke, ikamue, ndipo uisugue kwenye sabuni. Povu lililoiva halina macho. Ukiona mapovu makubwa yanakutazama, umetia maji mengi, hilo ni la kufulia nguo. Jipapase uso mzima kwa vidole kabla ya wembe, ujue ndevu zinalala upande gani, maana shingoni zinazunguka kama maji kwenye mfereji. Nyoa zinakolala. Ukimaliza, maji baridi, kisha jiwe la shabu la kufunga michubuko. Likikuchoma mahali, hapo ulikosea, kesho uwe mpole. Brashi itundike nywele zikiangalia chini. Na wembe ni wa mtu mmoja. Zamani wembe mmoja ulipita kwenye mtaa mzima. Watu wa afya walipokuja kutuambia kila kichwa kiwe na wembe wake, wenzangu walinung'unika. Mimi nilisema wana haki, nikabadilisha siku ile ile. Mkubwa wa kazi sio yule anayekataa kila kipya.

Mjukuu wangu Salma ndiye mwenye saluni sasa. Ana mashine za umeme, muziki, viti vinavyozunguka. Anachonga kichwa cha kijana mpaka mama yake anamwona mzuri upya. Najivunia na sioni haya kusema. Lakini kona ya nyuma ni yangu, na kioo kile cha zamani ni changu, na sheria ya Baba inafanya kazi katika saluni nzima. Sheria yenyewe ilianza hivi.

Dereva mmoja wa lori alikuja kwa Baba ametoka safari ndefu. Uso ulipopakwa povu la moto, akalala kitini. Baba akaona vizuri, ametulia, akaendelea. Kumbe yule ndotoni alikuwa bado anaendesha. Akaona kitu barabarani, akakanyaga breki. Mwili mzima ukaruka, na wembe ukamchana kutoka karibu na sikio mpaka kidevuni. Alipona. Na alikuwa mtu wa mizaha, kila akipita anaonyesha lile kovu: "Kinyozi, barabara yako bado ipo, haijapata hata shimo." Watu wanacheka. Baba hakuwahi kucheka. Usiku ule ule wa kuumia kwa mtu huyo aliniambia, mtu akilala hayupo, na wewe huwezi kuingia nyumba ya mtu ambaye hayupo. Tangu hapo kwetu mtu akisinzia tunaweka wembe chini. Ikibidi tunangoja mpaka povu linakauka, tunalipiga upya.

Mzee Gaspari ndiye alikuwa mteja wangu ambaye sikumnyoa. Ajabu, lakini ndivyo. Alikuwa fundi wa suti, alikulia upande wa Karagwe, akarudi Rwanda na cherehani na Kiswahili kizuri. Nyumbani kwake mwanga ulikuwa mbaya, basi kila asubuhi anakuja kwenye kioo changu, anajinyoa mwenyewe. Alikuwa na kisanduku cha mbao: brashi zake, sabuni zake kwenye vikopo, na zile mashine za chuma za kutia wembe, za kila namna. Kila moja alikuwa ameipa jina. "Leo ni zamu ya Mjerumani," anasema. Kesho yake, "Leo namchukua Mfupi, Mjerumani amekuwa na hasira." Anapiga povu polepole kama anayekoroga uji wa mtoto. Vijana wanaongoja mashine ya Salma walikuwa wakimchokoza.

"Mzee Gaspari, hizo ndevu unazinyoa au unazilima?"

"Nazipalilia," anajibu, macho kwenye kioo. "Wewe subiri ziote, ndipo utajua kilimo."

Hakuwa na haraka hata siku moja. Mwingine anakunywa chai akaanza siku. Yeye alianza siku kwa povu. Aliniambia ile ndiyo saa pekee ambayo mikono yake haifanyi kazi ya mtu mwingine.

Na kila asubuhi akikaribia kumaliza, Veronika anapita akitoka sokoni. Anasimama mbele ya mume wake, anaweka kikapu chini, anapitisha mgongo wa mkono wa kulia kwenye shavu lake la kushoto. Kila siku shavu lile lile, maana ndilo mkono wake unalofikia. Anasema, "Umeacha hapa, chini ya sikio." Mzee anarudi kwenye kioo analalamika, "Huyu mwanamke ana macho kwenye vidole." Siku nyingine hakuwa ameacha kitu. Mimi niliona. Alirudi kwenye kioo hivyo hivyo.

Sasa mnaelewa kwa nini niliogopa ndevu.

Ikiriyo ikaisha. Siku ya kuiondoa, watu wakanawa mikono, wakasema maneno, wakarudi kwenye kazi zao. Wote tulitegemea mzee atanyoa. Hakunyoa. Mtoto wake Fideli, anayefanya kazi ofisini, akamchukua kwake Ndera, kwenye zile nyumba mpya. Kwenye kioo changu pakawa na nafasi ya mtu. Vijana wakaitumia kujitazama nywele.

Muda ukapita, na siku moja mchana Fideli akaingia saluni na viatu vyake vya ofisi. Hakukaa.

"Mama Zuhura, shikamoo. Nimekuja juu ya mzee."

"Marahaba. Anakula?"

"Anakula kidogo. Ndevu zimefika kifuani, zinashika chakula. Hataki maji, hataki mtu amguse. Na Jumamosi ijayo ni gusaba ya Aline."

Aline ni binti wa Fideli, mjukuu wa kwanza wa mzee. Gusaba mnaijua, ndiyo siku ambayo upande wa kijana wanakuja kumwomba msichana mbele ya wazee wa familia yake. Na mzee wa kwanza katika familia ile ni Gaspari. Kiti cha mbele ni chake.

"Nimeongea na mjomba Andrea," Fideli akasema. "Kama mzee atabaki hivi, Andrea atakaa mbele. Mzee tutamwacha nyumbani na mtu wa kumwangalia. Sipendi, Mama. Lakini siwezi kumweka mbele ya wageni vile, watasema tumemtupa."

"Aline anasemaje?"

"Analia. Anasema kama babu hayupo, wamwombe nani sasa." Akapangusa uso. Alikuwa amechoka, sio mtu mbaya. "Daktari amempa dawa. Akiinywa na chai ya asubuhi analala kabisa, hata ukimgeuza hasikii. Njoo wakati huo, Mama. Umnyoe taratibu. Akiamka iko kwisha."

Nikamwambia, "Mimi sinyoi mtu aliyelala. Aamke kwanza, aniambie mwenyewe."

"Atakataa."

"Basi atakuwa amekataa."

Fideli akatazama ile nafasi kwenye kioo, akaondoka. Salma akazima mashine yake. "Bibi, si ungemsaidia tu? Atakosa gusaba ya mjukuu wake." Nikamwambia afagie.

Kesho yake asubuhi nikafunga brashi ya farasi kwenye kitambaa, nikachukua bakuli na sabuni, nikapanda basi mpaka Remera, na kutoka pale nikapanda moto, zile pikipiki za abiria. Ile kofia yao inanuka vichwa vya Kigali nzima. Kijana wa moto akaniambia, "Mukecuru, bibi yangu, shika vizuri, iko kona mingi." Nikamwambia nimeshika wembe, yeye ndiye aendeshe vizuri.

Nilimkuta Mzee Gaspari ameketi kibarazani kabla ya chai, hajanywa dawa bado. Ndevu nyeupe zimesokotana. Alinijua. Habari ya ndevu sikuigusa. Nilisalimia, nikaomba maji ya moto, nikakaa mbele yake nikaanza kupiga povu kwenye bakuli. Nikatia maji mengi makusudi. Povu likatoka baya, lina macho kama ya chura. Nikaendelea kulipiga bila aibu, nikilitazama kama limenipendeza.

Siku ya kwanza alitazama bakuli, akageuza uso. Nikamwaga, nikaenda zangu.

Siku ya pili alivumilia muda mrefu. Mwisho akasema, "Mama Zuhura."

"Naam, mzee."

"Hilo ni la kufulia."

"Mimi naliona zuri."

"Baba yako akiliona anafufuka akupige." Akanyoosha mkono. "Lete hapa. Umelitia maji kama unanywesha ng'ombe."

Akalimwaga lote. Akakamua brashi kwa vidole, akasugua sabuni, akaanza upya, polepole, kama zamani. Povu likaiva mpaka likasimama lenyewe. Akalitazama. Kisha akanirudishia bakuli, akaomba chai yake. Fideli alikuwa mlangoni anafunga tai, amesimama tu.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Anapiga povu, analisifu au analitukana, halipaki. Alimtuma Fideli alete kisanduku, akapangusa vyuma vyake, akauliza habari za Mjerumani kama ndugu aliyekuwa safarini. Lakini usoni, hapana. Mpaka Ijumaa nikamuuliza, maana siku zilikuwa zimekwisha.

"Mzee, Aline kesho. Kwa nini hunyoi?"

Akakaa na bakuli magotini. Povu lilianza kushuka.

"Nikinyoa," akasema, "nani atapitisha mkono?"

Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua. Siku ile nikamsaidia kuosha brashi.

Jumamosi nilifika mapema na nguo zangu za sherehe ndani ya kikapu. Nyumba imejaa mashangazi, pasi, maua. Mzee alikuwa kwenye kiti chake kibarazani, ameoga. Amepiga povu tayari. Lakini mkono wake ulikuwa umekonda katika huzuni ile, na ndevu zilikuwa ndefu, akaona mwenyewe kwamba hataweza.

"Ninyoe wewe," akaniambia. Nilimjua miaka yote hiyo na sikuwahi kusikia neno lile. "Anza kulia. La kushoto ukifika, usiliguse. Niulize kwanza."

"Nitakuuliza."

Nikakata zile ndefu kwa mkasi. Nikamfunika kwa taulo ya moto, nikapaka povu, nikanyoa kulia. Wembe ulikuwa na ile sauti ndogo. Chini ya zile ndevu ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto, haijaona jua. Nikanyoa juu ya mdomo, nikanyoa kidevu nusu. Nikageuka kusuuza wembe, na niliporudi ili nimuulize, alikuwa amelala. Mmoja wa mashangazi alikuwa ameshampa chai na dawa kabla sijafika. Kichwa kimeegemea kiti, upande mmoja mzee msafi, upande mwingine mfiwa.

Picha ya siku ile mnaiona kila siku pale juu ya kioo changu, hamjauliza. Mzee Gaspari yuko kiti cha mbele, na umwitero wake, shuka la sherehe, umefungwa begani. Wageni nyuma wamenuna kwa kungoja. Aline amesimama mbele yake na vazi lake la mushanana, amepitisha mgongo wa mkono wa kulia kwenye shavu lake la kushoto, na mdomo wa mzee uko wazi kwa sababu anambishia. Anamwambia hakuna kilichobaki chini ya sikio. Kilikuwepo. Nilikiacha mimi, kwa sababu alipoamka na nikamuuliza, aliniambia nikiache.

Lakini kabla ya picha ile kulikuwa na kibaraza, na gari limewashwa, na mashangazi wamekwisha kupanda. Simu ya Fideli inalia, ni Andrea kutoka Remera kwenye gusaba, anasema wageni wameingia, anauliza akae mbele au asikae. Fideli akaja mbio, akaona baba yake na nusu uso, akaona mimi nimekaa kwenye kigoda, wembe umekunjwa magotini.

"Mama Zuhura, mbona umeacha?"

"Amelala."

"Amesema mwenyewe umnyoe. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Amesema la kulia. La kushoto amesema nimuulize."

"Mama, wageni wamefika. Watu wazima wamekaa kwenye jua." Simu bado inalia mkononi. "Ni shavu moja tu. Hatasikia. Nakuomba. Malizia tu, tumbebe hivyo hivyo mpaka kwenye gari, atakuja kuamka ameshakaa mbele. Au nimwambie Andrea akae?"

Nikatazama lile shavu. Povu lilikuwa limeanza kukauka. Nikachukua brashi, nikaitumbukiza kwenye maji ya moto, ili nianze kulipiga jipya.

"Mwambie Andrea asimame," nikasema. "Mimi sinyoi mtu aliyelala. Aamke kwanza, aniambie mwenyewe."